Goti la Akhwari: Historia ya Uchunguzi na Utambuzi wa Majeraha ya Wakimbiaji, Arusha na Eneo la Mlima Meru

Utangulizi

Tarehe 20 Oktoba 1968, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico City, John Stephen Akhwari wa Tanzania aliingia uwanjani akichechemea, mguu wake ukiwa umefungwa bendeji. Giza lilikuwa limeingia, medali zilikuwa zimekwisha kutolewa, na watazamaji wengi walikuwa wameondoka. Alimaliza kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Kati ya wanariadha 75 walioanza mbio hizo, 57 walimaliza, naye alikuwa wa 57.

Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi kama kisa cha ujasiri na uzalendo. Lilitokea chini ya miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, wakati taifa lilipokuwa likijifunza kujieleza kwa lugha ya kujitegemea na kuvumilia. Mwaka 1983 Akhwari alitunukiwa nishani ya heshima ya taifa. Hata hivyo, swali ambalo daktari yeyote angeliuliza kwanza halikupewa nafasi katika masimulizi hayo: goti lile lilikuwa na nini?

Insha hii inalichukua swali hilo kama mlango wa kuingilia katika historia ya uchunguzi na utambuzi wa majeraha ya wakimbiaji. Akhwari alizaliwa Mbulu, wilaya iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Arusha hadi Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002, na ukanda huo wa kaskazini ndio uliolea wakimbiaji wengi mashuhuri wa Tanzania, akiwamo Filbert Bayi wa Karatu. Hoja kuu ni kwamba utambuzi wa jeraha la mkimbiaji umetegemea zaidi maelezo ya mkimbiaji mwenyewe, mikono ya mchunguzi na ujuzi wa mahali alipoishi kuliko ulivyotegemea mashine. Kwa hiyo, kinachozuia utambuzi sahihi katika eneo la Mlima Meru si uhaba wa vifaa peke yake, bali pia desturi ya kuyageuza maumivu kuwa sifa kabla ya kuyauliza maswali.

Goti la Mexico

Masimulizi yaliyozoeleka yanasema kwamba Akhwari alianza kusumbuliwa na mkakamao wa misuli kutokana na mwinuko wa Mexico City, ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Baadaye, karibu na kilomita ya 19, aligongana na wenzake walipokuwa wakigombea nafasi, akaanguka, akaumia goti na kujigonga bega. Masimulizi mengi huongeza kwamba goti liliteguka.

Neno hilo linahitaji kupimwa. Kuteguka kwa goti kwa maana kamili ya kitabibu ni kuachana kwa mfupa wa paja na mfupa wa ugoko. Ni jeraha la nadra na la hatari: ligamenti kadhaa hukatika kwa pamoja, na mshipa mkubwa wa damu upitao nyuma ya goti unaweza kuchanika, hata mguu ukalazimika kukatwa. Mtu aliyepatwa na jeraha hilo hawezi kutarajiwa kutembea na kukimbia kilomita 23 zilizobaki. Ushahidi wa pili unatoka Edinburgh. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Akhwari huyo huyo alishika nafasi ya tano katika marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Goti lililovunjwavunjwa ligamenti zake mwaka 1968, kabla ya upasuaji wa kisasa wa ligamenti kuenea, halingetazamiwa kumfikisha mwenyewe katika kiwango hicho ndani ya miaka miwili.

Ushahidi huo unaelekeza kwenye jeraha la namna nyingine: mchubuko mzito na jeraha la wazi la ngozi, au pia ya goti kuhama kwa muda mfupi na kurudi mahali pake, pamoja na uchovu wa misuli uliokuwa umetangulia. Utambuzi wa kurudi nyuma wa namna hii una mipaka yake, lakini unatoa funzo la mbinu. Mwanahistoria na daktari hapa wanafanya kazi moja: wote wawili wanapima kama maelezo yanalingana na kile ambacho mwili uliweza kufanya baadaye. Tena hakuna kinachopunguza heshima ya Akhwari katika hitimisho hili. Maumivu ya mchubuko kwa kilomita 23 ni maumivu kamili.

Neno na maumivu

Chanzo kimoja cha utata huo ni lugha. Katika Kiswahili cha kila siku, kuteguka hutumika kwa kiungo kilichotoka mahali pake na pia kwa kifundo cha mguu kilichopinda tu na kuvimba. Kadhalika, neno mshipa linaweza kumaanisha njia ya damu, neva, na hata kano au msuli unaouma. Mkimbiaji anayesema kwamba mshipa wa nyuma umemvuta anaweza kuwa na msuli wa paja uliochanika, neva iliyobanwa kiunoni, au kano ya kisigino iliyoanza kuharibika.

Wengine wameuona utata huo kuwa upungufu wa lugha yenyewe. Mtazamo huo hauna msingi. Kiswahili kina ugoko, muundi, kano, gegedu, pia ya goti, nyonga, kinena na kifundo, maneno yanayotosha kuelekeza kidole mahali hasa panapouma. Aidha, Kiingereza nacho kwa miaka mingi kiliyaweka maumivu yote ya ugoko wa mkimbiaji chini ya jina moja la mitaani lisilobainisha kama kilichoumia ni mfupa, utando wake au msuli. Tatizo liko katika mazungumzo kati ya mgonjwa na mchunguzi: jina la kwanza linalotajwa hupokelewa kama jibu, ilhali lilipaswa kuwa mwanzo wa maswali.

Jinsi elimu ya utambuzi ilivyojengwa

Historia ya kimataifa inaunga mkono hoja hiyo. Mwaka 1855 Breithaupt, tabibu wa jeshi la Prussia, alieleza kuhusu askari waliopata uvimbe na maumivu ya mguu baada ya safari ndefu za miguu. Hakuwa na chombo cha kuona ndani ya mwili. Alichokuwa nacho ni maelezo ya askari, macho yake, na uhusiano aliouona kati ya mwendo na maumivu. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895, na miaka miwili baadaye Stechow alionyesha kwa picha kwamba ndani ya miguu ya namna hiyo mlikuwamo mifupa iliyopasuka. Mashine ilionyesha chanzo cha kile ambacho mkono na sikio vilikuwa vimekwisha kukieleza zaidi ya miaka 40 kabla.

Kutoka jeshini, elimu hiyo ilihamia viwanjani. Mwaka 1958 Devas, daktari wa upasuaji wa mifupa nchini Uingereza, alionyesha kwamba baadhi ya maumivu ya ugoko ya wanariadha, yaliyodhaniwa kuwa ya kawaida, yalikuwa nyufa za mfupa zitokanazo na mzigo unaorudiwarudiwa. Katika kipindi hicho hicho vipimo vya mikono viliongezeka. Simmonds mwaka 1957 na Thompson mwaka 1962 walieleza namna ya kubaini kukatika kwa kano ya kisigino kwa kuminya shavu la mguu mgonjwa akiwa amelala kifudifudi: unyayo usipocheza, kano imekatika. Mwaka 1976 Torg na wenzake walichapisha kipimo cha ligamenti ya ndani ya goti walichokiita kwa jina la Lachman, mwalimu wao huko Philadelphia. Vipimo hivi havihitaji umeme. Vinahitaji kitanda, mikono iliyofunzwa na dakika chache.

Mbio za barabarani zilipoenea Amerika Kaskazini katika miaka ya 1970, Clement, Taunton na wenzao wa Vancouver walichambua kumbukumbu za wakimbiaji 1,650 waliotibiwa kati ya mwaka 1978 na 1980. Goti liliongoza kwa kuumia. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1981, yaliimarisha wazo kwamba majeraha mengi ya mbio hayatokani na ajali ya dakika moja, bali na mzigo unaopita uwezo wa mwili kujijenga upya. Kwa hiyo swali la msingi likawa nini kilibadilika katika wiki zilizotangulia maumivu: umbali, kasi, mlima, viatu, au mapumziko.

Kwa kipimo hicho, anguko la Akhwari lilikuwa jeraha la aina isiyo ya kawaida kwa mkimbiaji. Lilikuwa na dakika yake, mahali pake na mashahidi wake. Majeraha mengi ya wakimbiaji wanaopanda na kushuka njia za Ngaramtoni, Sakina au Usa River hayana kamera wala shahidi. Huja taratibu, na shahidi wake pekee ni mkimbiaji mwenyewe. Taifa lilijifunza kulitambua jeraha la mkimbiaji kwa mfano wa lile linaloonekana, nalo si mfano wa yale yaliyo mengi.

Mahali kama sehemu ya utambuzi

Elimu iliyojengwa Prussia, Uingereza na Kanada haiwezi kuhamishiwa Arusha bila kuuzingatia mlima. Jiji la Arusha liko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima wa volkano, na mwinuko huo ni miongoni mwa sababu zinazowavuta wakimbiaji. Lakini volkano hiyo hiyo imeyatia maji ya eneo hili floraidi. Katika vijito na chemchemi kadhaa za miteremko ya Meru kiwango chake kinazidi kwa mbali miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ni kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Magadi yanayotumika kupikia huongeza kiasi kinachoingia mwilini. Meno yenye rangi ya kahawia ni alama inayojulikana sana mkoani, na katika hali kali floraidi hupinda mifupa ya watoto na kukaza viungo vya watu wazima. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulikia njia za kuiondoa katika maji, ikiwamo matumizi ya mkaa wa mifupa.

Jambo hili lina uzito wa kitabibu kwa mkimbiaji. Madaktari wa Marekani walipojaribu katika miaka ya 1980 kutibu udhaifu wa mifupa kwa floraidi, baadhi ya wagonjwa walipata maumivu ya miguu karibu na viungo, na uchunguzi ulionyesha nyufa ndogo za mifupa. Jaribio lililochapishwa mwaka 1990 lilionyesha kwamba mifupa ya uti wa mgongo iliongezeka uzito, lakini mivunjiko katika sehemu nyingine za mwili iliongezeka pia. Mfupa mzito si lazima uwe mfupa imara. Dozi za dawa na maji ya kunywa si kitu kimoja, na hivyo haifai kuruka moja kwa moja kutoka kwa wagonjwa hao hadi kwa kijana wa Maji ya Chai. Inatosha kusema kwamba swali la mkimbiaji alikulia wapi na alikunywa maji gani, ambalo mwongozo wa uchunguzi ulioandikwa Vancouver hauna sababu ya kuliweka, katika eneo la Meru ni swali halali la ukurasa wa kwanza.

Swali la pili linahusu homa. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alisumbuliwa na malaria katika kipindi cha Olimpiki ya mwaka 1976, ambayo Tanzania iliisusia. Kisa hicho kinakumbusha kwamba uzito wa miguu ya mkimbiaji unaweza kutoka katika damu na si katika msuli. Hata hivyo, hatari ya kinyume ipo vilevile. Utafiti uliofanywa katika hospitali mbili za Moshi kati ya mwaka 2007 na 2008 uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa wakiwa na homa. Malaria ilidhaniwa kwa wagonjwa 528, lakini ilithibitika kuwa chanzo kwa 14 tu. Miongoni mwa magonjwa yaliyofichwa na dhana hiyo ulikuwamo ugonjwa wa bruseloza, unaotoka kwa mifugo na ambao huleta maumivu ya mgongo, nyonga na viungo. Kwa mkimbiaji aliyekulia katika boma la wafugaji na kunywa maziwa yasiyochemshwa, maumivu ya nyonga yasiyopungua kwa mapumziko yanadai kipimo cha damu kabla ya kulaumiwa mazoezi.

Kutoka uvumilivu hadi maelezo

Huduma za mifupa zimekua katika ukanda huu. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, na mwaka 1981 ulianzishwa hapo mjini chuo cha mafunzo ya mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, TATCOT. Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Umbali kati ya mkimbiaji wa Arusha na mtaalamu umepungua sana ukilinganishwa na mwaka 1968.

Pamoja na maendeleo hayo, picha ina udhaifu unaopaswa kufahamika. Ufa wa mfupa utokanao na mzigo wa mbio unaweza usionekane kabisa katika eksirei katika wiki 2 au 3 za mwanzo. Kipimo cha MRI huuona mapema, lakini gharama yake ni kubwa kwa kijana asiye na bima wala mfadhili. Mkimbiaji aliyeambiwa kwamba picha ni safi huelewa kuwa hana jeraha, naye hurudi barabarani. Ufa ukiwa kwenye ugoko, atapoteza miezi. Ukiwa kwenye shingo ya mfupa wa paja, ambao maumivu yake huhisiwa kinenani, mfupa unaweza kuvunjika kabisa, na pamoja nao maisha yake ya riadha.

Hapo ndipo maelezo ya mgonjwa yanapokuwa kipimo cha kwanza na cha bei nafuu. Maumivu yaliyotandaa katika ukingo wa ndani wa ugoko na kupungua mwili unapopata joto yana tafsiri moja. Maumivu yanayoweza kuonyeshwa kwa ncha ya kidole kimoja juu ya mfupa, yanayozidi kila kilomita na kumwamsha mtu usiku, yana tafsiri nyingine, na yanatosha kumzuia asikimbie hata kama eksirei haionyeshi kitu. Lakini tofauti hiyo inajulikana tu ikiwa mkimbiaji atakiri kwamba anaumia. Aliyelelewa kwa kisa cha Mexico, anayejua kwamba nafasi yake kambini inategemea kutokosa mazoezi, ana sababu nzito ya kusema haumwi.

Kwa wakimbiaji wa kike ukimya huo una tabaka la pili. Tangu mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imesisitiza kwamba mwili unaotumia nguvu nyingi kuliko chakula unachopata hudhoofisha mifupa, kwa wanawake na kwa wanaume pia, na kwamba kukoma kwa hedhi ni dalili ya mapema. Swali hilo ni la lazima kitabibu. Hata hivyo, binti aliyetoka kumwamkia mganga shikamoo kama baba yake si rahisi kulijibu mbele yake, tena kocha akiwa amesimama mlangoni. Kuwepo kwa muuguzi wa kike, faragha, na maneno ya staha yanayoeleweka ni sehemu ya utambuzi sawa na kitanda cha uchunguzi.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba goti la Akhwari, likisomwa kwa vigezo vya kitabibu, halikuwa limeteguka kwa maana kamili ya neno hilo, na kwamba kosa hilo la jina lilidumu kwa sababu taifa lilikuwa na haja ya ushujaa kuliko haja ya utambuzi. Imeonyesha pia kwamba maendeleo makubwa katika elimu ya majeraha ya mbio, tangu Breithaupt mwaka 1855 hadi watafiti wa Vancouver mwaka 1981, yalianzia kwa mtu aliyeuliza na kusikiliza, na kwamba katika eneo la Mlima Meru maswali hayo lazima yaongezwe maji, mifugo na homa.

Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya riadha ya dunia, akishinda marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule wa mpinzani wake, hata mshindi akaamuliwa kwa picha. Baina ya Mexico na Tokyo yako majina yanayokumbukwa, na wako wengi waliokimbia juu ya mifupa iliyopasuka mpaka wakaacha, wakidhaniwa kuwa wameishiwa moyo. Historia ya riadha ya Arusha itakamilika itakapowahesabu na hao. Kwa kliniki, kazi ya kuwahesabu warithi wao inaanza kwa swali dogo linaloulizwa kwa heshima na kusubiriwa jibu: panauma wapi, na tangu lini?